Punje ya Ulezi Katikati ya Uwanja

Mwishoni mwa mwaka 1976, maabara mbili zilizo mbali kabisa, moja Oxford nchini Uingereza na nyingine Seattle kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, zilitangaza jambo lililowakosesha usingizi wanafizikia wengi. Oxford waliongozwa na Pat Sandars, Seattle na Norval Fortson. Kazi yao ilikuwa moja: kuichemsha bismuthi mpaka igeuke mvuke, kupitisha mwanga wa leza ndani ya mvuke huo, kisha kuchunguza kama mtikisiko wa mwanga umegeuka kidogo kushoto au kulia unapotokea upande wa pili. Nadharia mpya ya Steven Weinberg na Abdus Salam ilidai kwamba lazima ugeuke, ingawa kwa pembe ndogo mno, sehemu chache tu katika kila milioni kumi za radiani. Vikundi vyote viwili vilitazama, vikatazama tena, havikuona kitu. Taarifa zao za mwaka 1977 zilisema vilevile.

Mwaka 1978 ikaja sauti ya tatu, kutoka Novosibirsk huko Siberia. Lev Barkov na Max Zolotorev walikuwa wamepima bismuthi hiyohiyo, na wao waliuona mgeuko, tena kwa kiasi kilichokubaliana na nadharia. Miezi michache baadaye, kule Stanford, kikundi cha Charles Prescott na Richard Taylor kilirusha elektroni zenye kasi kubwa kwenye haidrojeni nzito na kukuta kwamba zile zinazojizungusha kushoto zinatawanyika tofauti na zile zinazojizungusha kulia. Shaka ikaisha. Mwaka 1979 Weinberg, Salam na Sheldon Glashow walipewa Tuzo ya Nobel. Salam, raia wa Pakistani, alikuwa tayari ameanzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, na ndicho kituo ambacho wanafizikia wengi wa Afrika wamepitia tangu hapo.

Oxford na Seattle hawastahili kubezwa. Vyombo vyao vilikuwa vichanga, na hata mahesabu ya kinadharia waliyopewa hayakuwa imara, kwa sababu bismuthi ina elektroni tatu za nje zinazosukumana na kuvurugana. Walitangaza kile walichokiona, wakakaa na kazi yao, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 maabara hizo mbili zilikuwa zinapima bismuthi na risasi kwa usahihi wa asilimia moja au mbili, na matokeo yakikubaliana na nadharia. Fortson atarudi tena katika habari hii, safari hii akiwa na onyo.

Walichokuwa wakikitafuta ni hiki. Ukiiweka kandambili ya mguu wa kushoto mbele ya kioo, ndani ya kioo utaona ya mguu wa kulia. Kwa miaka mingi wanafizikia waliamini kwamba sheria za maumbile hazibagui kati ya hizo mbili: kila tukio linalowezekana duniani, taswira yake ya kioo nayo inawezekana, kwa kiasi kilekile. Ulinganifu huo waliuita pariti. Mwaka 1956 Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang wakauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amejisumbua kuliuliza: nani amewahi kulihakiki hilo kwa nguvu dhaifu, ile nguvu inayofanya baadhi ya viini vya atomu vioze na kutema elektroni? Hakuna aliyekuwa amehakiki. Chien-Shiung Wu, mwanamke mzaliwa wa China aliyekuwa akifundisha New York, akalibeba jukumu hilo. Pamoja na wataalamu wa baridi kali wa mjini Washington aliipoza kobalti-60 mpaka sehemu kama moja ya mia ya digrii juu ya sifuri halisi, akavipanga viini vyake kwa sumaku, akahesabu elektroni zinatokea upande gani. Nyingi zilitokea upande mmoja. Wolfgang Pauli, mmoja wa vigogo wa fizikia wa wakati ule, alikuwa ameandika kwamba yuko tayari kuweka dau kubwa kuwa ulinganifu utaonekana. Angeliweka, angelipoteza. Lee na Yang wakapata Nobel mwaka 1957. Wu akaachwa nje, na hadi leo ni vigumu kutaja tuzo ile bila kutaja dhuluma hiyo.

Kiini kinachooza ni jambo moja. Atomu tulivu, iliyokaa mahali pake bila kuoza, ni jambo jingine. Mwaka 1959 Yakov Zel'dovich wa Muungano wa Kisovyeti aliwaza kwamba kama nguvu dhaifu inafanya kazi pia kati ya elektroni na kiini bila kukibadilisha chochote, basi hata atomu ya kawaida itakuwa na upendeleo wa mkono mmoja, na mwanga ukipita katikati ya atomu hizo utageuka. Akapiga hesabu, akaona mgeuko ni mdogo kupita kiasi cha kupimika, akaachia hapo.

Aliyelifufua wazo hilo hakuwa mtu mmoja, bali mume na mke. Claude Bouchiat alikuwa mtu wa nadharia na Marie-Anne Bouchiat mtu wa maabara, wote wa Paris. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya maabara ya CERN kuona dalili za kwanza za aina mpya ya nguvu dhaifu iliyotabiriwa na nadharia ya Weinberg na Salam, walionyesha kwamba Zel'dovich alikuwa ameangalia atomu nyepesi mno. Katika atomu nzito mambo matatu yanakua kwa pamoja: uwezekano wa kumkuta elektroni ndani ya kiini, kasi yake anapokuwa humo, na idadi ya chembe za kiini zinazomvuta. Kila kimoja kinakua karibu sawa na idadi ya protoni, kwa hiyo athari inakua kwa kipeo cha tatu cha idadi hiyo. Seziamu ina protoni 55, na 55 kwa kipeo cha tatu ni zaidi ya 166,000. Walichagua seziamu kwa sababu nyingine pia: ina elektroni moja tu ya nje, kwa hiyo mahesabu yake yanaweza kuaminika kuliko ya bismuthi. Paris walitoa kipimo chao cha kwanza cha seziamu mwaka 1982.

Hapa ndipo kiini kinapoingia, na kinaingia kwa nguvu. Chukua atomu ya seziamu uikuze mpaka iwe na urefu wa uwanja wa mpira. Kiini chake kitakuwa punje ya ulezi katikati ya uwanja. Elektroni inazunguka uwanja mzima, lakini nguvu dhaifu haifiki mbali hivyo. Chembe inayoibeba, iitwayo Z, ina uzito wa karibu protoni 97, na chembe nzito namna hiyo haiwezi kwenda mbali: umbali wake ni mdogo kuliko hata upana wa kiini mara elfu kadhaa. Maana yake ni kwamba elektroni haihisi chochote mpaka iingie ndani ya ile punje yenyewe. Upendeleo wote wa kushoto na kulia unaoonekana kwenye mwanga, nje kabisa, unatoka katika nyakati chache ambazo elektroni imo ndani ya kiini. Basi umbo la kiini, mpangilio wa vilivyomo na mienendo yao, ni sehemu ya kipimo, mtu apende asipende.

Kwa miaka ya mwanzo waliweza kupuuza. Kipimo kilipokuwa na kosa la asilimia kumi au zaidi, kiini kilihesabiwa kama tone dogo laini lenye protoni na nyutroni zilizotapakaa sawasawa, na hakuna aliyeona tatizo. Tatizo lilikuja pale vyombo vilipokuwa bora.

Vilikuwa bora zaidi Boulder, Colorado. Carl Wieman na wenzake waliirusha miale ya atomu za seziamu kwenye nafasi tupu na kuivuka kwa mwanga wa leza wa kijani uliozungushwa kati ya vioo viwili. Waliweka uwanja wa umeme na uwanja wa sumaku, kisha wakawa wanavigeuza, wakigeuza pia mtikisiko wa mwanga, kila mgeuzo ukiwa ni namna ya kusimamisha jaribio zima mbele ya kioo. Walichokitafuta ni badiliko la sehemu chache katika milioni kwenye kiwango cha atomu zinazomeza mwanga. Ilikuwa kazi ya miaka. Matokeo yao ya 1985 na 1988 yalikuwa mazuri. Yale ya Machi 1997 yalifikia usahihi wa asilimia 0.35, na mpaka leo hakuna kipimo cha aina hiyo katika atomu kilichoyapita. Wieman alikuja kupata Nobel mwaka 2001 kwa kazi nyingine kabisa, ya kupoza atomu, lakini seziamu ya Boulder ingetosha kumpa mtu heshima ya maisha yote.

Kutoka kwenye namba hiyo, wataalamu hupata kile kinachoitwa chaji dhaifu ya kiini. Na chaji hii imegeuza mambo juu chini. Katika umeme, protoni ndiye anayesikika na nyutroni ni kimya kabisa. Katika nguvu dhaifu, protoni anabakiwa na chaji isiyofikia sehemu moja ya kumi, na nyutroni anabeba karibu moja nzima, kwa alama ya kutoa. Seziamu ina nyutroni 78, na chaji dhaifu inayotabiriwa na nadharia ni karibu −73.2. Kwa maneno mengine, Boulder walikuwa wanapima nyutroni.

Mwaka 1999 Wieman na Scott Bennett walikokotoa upya na kupata −72.06, tofauti iliyokuwa kubwa kuliko kosa lililokadiriwa, kiasi cha kuwafanya watu waanze kunong'ona kuhusu chembe mpya isiyojulikana. Kisha wananadharia wakarudi kwenye karatasi. Andrei Derevianko alionyesha mwaka 2000 kwamba athari ndogo ya sumaku kati ya elektroni na elektroni ilikuwa imehesabiwa pungufu. Marekebisho mengine yakafuata. Mwaka 2009 hesabu ya kikundi cha Derevianko ikaleta −73.16, karibu kabisa na nadharia. Na mwaka 2012 kikundi cha Vladimir Dzuba na Victor Flambaum huko Australia kikaisogeza tena hadi −72.58. Ugomvi wote huu ulikuwa juu ya elektroni, na ulikuwa wa haki. Lakini chini yake palikuwa na swali ambalo elektroni pekee haziwezi kulijibu: hizo nyutroni 78 zimekaa wapi hasa?

Protoni tunajua zimekaa wapi, kwa sababu zina chaji ya umeme na zinaweza kupigwa picha kwa miale ya elektroni. Nyutroni hazina chaji hiyo. Katika kiini kizito nyutroni ni nyingi kuliko protoni, na zile za ziada husukumwa kuelekea ukingoni, zikatengeneza ganda jembamba ambalo wataalamu huliita ngozi ya nyutroni. Elektroni inapoingia ndani ya kiini haipatikani sawa kila mahali; inapatikana zaidi katikati kuliko pembezoni. Nyutroni zikisogea nje, mchango wao unapungua. Katika seziamu, Derevianko alikadiria mwaka 2002 kwamba ngozi hiyo inapunguza athari kwa karibu asilimia 0.2. Ni kidogo. Lakini kipimo cha Boulder chenyewe kina kosa la asilimia 0.35, kwa hiyo si kidogo cha kufumbiwa macho.

Kabla ya hapo kulikuwa na wazo lililoonekana kuwa njia ya mkato. Mwaka 1986 Dzuba, Flambaum na Iosif Khriplovich walipendekeza kupima isotopu kadhaa za elementi moja na kuchukua uwiano wao. Isotopu zina protoni sawa na elektroni sawa. Zinachotofautiana ni nyutroni. Katika uwiano, hesabu ngumu za elektroni zinafutana, na kinachobaki ni nadharia ya nguvu dhaifu peke yake. Lilikuwa wazo zuri, na wengi walilikimbilia.

Ndipo Fortson aliporudi. Mwaka 1990, akiwa na Yang Pang na Lawrence Wilets, alichapisha makala fupi kuhusu athari za muundo wa kiini katika vipimo hivi. Ujumbe wake ulikuwa mzito: ukiongeza nyutroni, ngozi nayo inabadilika, na badiliko hilo halifutiki katika uwiano. Waliokimbia elektroni walikuwa wamejikuta mlangoni kwa kiini. Isotopu hazikuondoa tatizo. Zililihamisha kutoka uwanjani hadi ndani ya punje ya ulezi. Mtu aliyewahi kutangaza sifuri mbele ya dunia nzima sasa alikuwa anawaambia wenzake wapunguze mwendo, na alikuwa na haki.

Onyo hilo lilitawala kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2009 Alex Brown, mtaalamu wa viini, akishirikiana na Derevianko na Flambaum, alipitia mifano mingi ya kinadharia ya ngozi ya nyutroni na kugundua kitu cha kutia moyo. Mifano hiyo inatofautiana sana kuhusu unene wa ngozi, lakini mfano unaosema ngozi ni nene katika isotopu moja husema ni nene katika isotopu jirani pia. Makosa yanatembea pamoja, na yanayotembea pamoja yanafutana katika uwiano kwa kiasi kikubwa. Njia ya isotopu ikafunguka tena, sasa watu wakiijua mitego yake.

Waliopita katika njia hiyo walitumia iterbiamu. Elementi hii ina protoni 70 na isotopu saba thabiti, na David DeMille alikuwa ametabiri mwaka 1995 kwamba athari yake ingekuwa kubwa kuliko ya seziamu karibu mara mia. Kikundi cha Dmitry Budker kiliithibitisha huko Berkeley mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, kikundi chake huko Mainz, Ujerumani, kikiongozwa na Dionysios Antypas katika maabara, kilipima isotopu nne: iterbiamu-170, 172, 174 na 176. Kila moja ilipimwa kwa usahihi wa karibu nusu asilimia, na matokeo yalikuwa safi: kila nyutroni inayoongezwa inaongeza athari kwa asilimia 0.96, kukiwa na kosa la 0.15, pale ambapo nadharia inatarajia karibu asilimia moja. Kwa mara ya kwanza watu waliona waziwazi, kwa mwanga tu, nyutroni moja moja ikiongeza uzito wake kwenye mizani ya kushoto na kulia.

Isotopu zile nne zilichaguliwa kwa makusudi. Viini vyake havijizungushi, na kiini kisichojizungusha hakina jambo la pili, lile ambalo Boulder walilipima katika seziamu na ambalo linastahili kusimuliwa peke yake.

Mwaka uleule wa 1957 wa tuzo ya Lee na Yang, Zel'dovich alikuwa na wazo jingine. Chukua ngata ya kubebea ndoo kichwani, uizungushie waya mpaka uifunike yote, kisha upitishe umeme. Sumaku yote inafungwa ndani ya ngata, ikizunguka humo kama maji kwenye mrija. Nje hakuna sumaku hata chembe. Mtu aliye mbali hawezi kujua kama waya una umeme. Anayeweza kujua ni yule tu aliyeingia ndani ya ngata yenyewe. Zel'dovich alisema kiini chenye kujizungusha kinaweza kuwa na umeme wa namna hiyo, na akauita anapoli. Mwaka 1980 Flambaum na Khriplovich, wakiwa Novosibirsk, walionyesha kwamba nguvu dhaifu kati ya protoni na nyutroni ndani ya kiini kizito inalazimika kuuzalisha, na kwamba elektroni inayoingia ndani ya kiini ingeuhisi.

Boulder waliupata kwa kulinganisha. Seziamu inaweza kumeza mwanga wa kijani kwa njia mbili, kutegemea mizunguko ya kiini na elektroni imejipanga vipi. Njia moja ilitoa 1.635 na nyingine 1.558, kwa kipimo walichokitumia cha milivolti kwa sentimita. Tofauti hiyo ya karibu asilimia tano ndiyo anapoli ya kiini cha seziamu, ya kwanza kuonekana duniani, ikiwa na kosa la asilimia 14. Na ikaleta fumbo. Ukiisoma namba hiyo ili kujua nguvu dhaifu inafanya nini ndani ya kiini, hasa pale protoni na nyutroni zinapobadilishana chembe ziitwazo pioni, unapata nguvu kubwa. Vipimo vya awali vya kiini cha florini-18 vilikuwa vimeonyesha ni ndogo. Seattle walikuwa wametafuta anapoli katika thaliamu mwaka 1995 na hawakuiona waziwazi. Mwaka 2018 jaribio la Oak Ridge, Tennessee, lililorusha nyutroni baridi kwenye haidrojeni ya majimaji, nalo lilikuja upande wa udogo. Ama seziamu ina neno la ziada la kusema kuhusu viini vizito, ama nadharia ya kiini inayotumika kuitafsiri ina kasoro, na hakuna njia ya kuamua ila kupima tena katika kiini kingine. Ndiyo kazi inayoandaliwa Vancouver, Kanada, kwa fransiamu, elementi adimu inayooza kwa dakika chache na hutengenezwa papo kwa papo kwa mashine ya kurusha chembe. Na kazi ya DeMille na wenzake, ambao mwaka 2018 walionyesha kwamba molekuli za bariamu na florini zinaweza kuwa na unyeti unaohitajika.

Wakati huohuo, ngozi ya nyutroni imepata wapimaji wake wenyewe. Katika maabara ya Jefferson, Virginia, elektroni zinazojizungusha zilirushwa kwenye vibati vya risasi-208 vilivyobanwa kati ya karatasi nyembamba za almasi, na tofauti ya kushoto na kulia ikahesabiwa. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa karibu sehemu 550 katika bilioni. Matokeo: ngozi ya nyutroni ya risasi ina unene wa femtometa 0.283, na kosa la 0.071. Ni nene kuliko wengi walivyotarajia. Kwa wanaastronomia hilo lina uzito wake, kwa sababu msukumo unaozipeleka nyutroni ukingoni mwa kiini ni uleule unaoizuia nyota ya nyutroni isiporomoke kwa uzito wake. Mwaka mmoja baadaye maabara hiyohiyo ilitangaza kipimo cha kalsiamu-48, chenye ngozi nyembamba ya femtometa 0.121, na wananadharia wengi wametaabika kuipata mifano inayokubali namba zote mbili kwa pamoja.

Mainz wanajenga mashine mpya ya kurusha elektroni, MESA, na moja ya kazi zake zilizopangwa ni kuipima upya ngozi ya risasi. Itakuwa katika mji mmoja na maabara ya iterbiamu. Upande mmoja wataingia ndani ya kiini kwa elektroni zilizorushwa kwa nguvu. Upande mwingine kwa elektroni ambazo atomu imezaliwa nazo, zikipita ndani ya punje ya ulezi na kutoka, na mwanga wa leza ukizisubiri nje.